Kilemba cha ukoka: wachawi, wafalme na jukwaa ndani ya riwaya ya kuchekesha

Ndani ya makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, kuna kiti cha enzi usichoruhusiwa kukikalia. Mbao zake nyeusi, mgongo umesimama wima kama mtu aliyekatazwa kuegemea, kamba zimesukwa kwa mkono zikabana. Ukikipitia haraka utakiona kikavu, tena kidogo kuliko ulivyotarajia. Kisha nenda harusini. Kiti cha bibi harusi ni cha kukodi: sponji, kitambaa kinachometa, mgongo unaokaribia dari, na rangi ya dhahabu inayobaki vidoleni ukikigusa. Mwulize mtoto yeyote wa mtaani, kati ya viti hivi viwili kipi ni cha mfalme? Hatasita. Atakuonyesha cha kukodi.

Nimeanza na viti kwa sababu riwaya ninayotaka kuifumbua hapa imefungwa kwa fundo hilohilo. Inaitwa Wyrd Sisters, ya Mwingereza Terry Pratchett aliyefariki mwaka 2015. Ilitoka mwaka 1988, ikiwa ya sita katika mfululizo mrefu wa Discworld, ambao vituko vyake hutokea kwenye dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na ndovu wanne, nao ndovu wamesimama juu ya kobe anayeogelea angani. Ni kitabu cha kuchekesha, na hapo ndipo wasomaji wanapoteleza: wanacheka, wanakifunga, halafu wakiulizwa kinahusu nini wanajibu, "Wachawi fulani hivi." Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, mpaka jioni kadhaa nilipojaribu kumsimulia shangazi yangu kibarazani. Shangazi hasomi Kiingereza, lakini amewafunda mabibi harusi wa mji huu kwa miaka mingi na hakubali hadithi yenye tundu. Maswali yake ndiyo yaliyonifungua macho, kwa hiyo nitayafuata.

Kisa chenyewe kwa kifupi. Katika ufalme mdogo wa milimani uitwao Lancre, mfalme Verence anauawa kwa jambia na binamu yake Felmet, mwenye cheo cha Duke, ambaye mkewe ana roho ngumu kuliko yeye. Mtumishi anatoroka usiku na mtoto mchanga wa mfalme pamoja na taji, anawafikia wanawake watatu nyikani, anawakabidhi, anakufa. Wanawake hao ni wachawi. Mtoto wanampa kiongozi wa kikundi cha waigizaji wanaozunguka nchi, taji wanalificha kwenye sanduku la vifaa vya maigizo. Felmet anatawala, lakini nchi haimtaki. Akishindwa kuwatisha wachawi kwa nguvu, anafanya jambo la akili zaidi: anamtuma chale wake, mchekeshaji wa jumba la kifalme, aende mjini akakodi waigizaji watunge mchezo, uwaonyeshe watu kwamba mfalme wa zamani alikuwa mwovu, Duke ni mwema, na wachawi ni viumbe vya kuchomwa moto. Kikundi kinachokodiwa ni kilekile chenye mtoto wa mfalme, ambaye sasa ni kijana, jina lake Tomjon, mwigizaji hodari asiyejua asili yake.

Nilipofika hapo shangazi alinikatiza. "Hao wachawi wamemroga nani?"

Hakuna aliyerogwa, nikamjibu. Mkubwa wao, Granny Weatherwax, ni bibi mkali asiyekohoa ovyo. Watu humwendea kwa uzazi, homa na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Wa pili, Nanny Ogg, ni mama mwenye wajukuu wasiohesabika, anapenda kinywaji, anajua nyimbo za kuona haya na anawaongoza wakwe zake kama jeshi. Wa tatu, Magrat, ni binti aliyesoma vitabu vya mitishamba na mizimu, anaamini mishumaa na mikufu, na wenzake wanamcheka kidogo.

"Basi wa kwanza ni mkunga," alisema shangazi, "wa pili ni somo kama mimi, na huyo mdogo ni mwanafunzi. Wewe wawaita wachawi kwa nini?"

Hili ndilo fundo la kwanza, nalo ni letu zaidi kuliko la Pratchett. Neno la Kiingereza analotumia hubeba mzigo mchanganyiko: mwanamke wa dawa, mzalishaji, mtabiri, na pia muuaji wa usiku. Kiswahili kimeugawa mzigo huo zamani. Tuna mkunga, mganga, tabibu, mwaguzi, mpiga ramli, na tuna mchawi, ambaye kazi yake ni moja tu na si njema. Ukilitia neno "mchawi" mdomoni mwa msomaji wa Lamu, umeshahukumu kabla ya ukurasa wa kwanza. Na hilo, kumbe, ndilo hasa Duke Felmet analotaka. Hana haja ya kuwaua wale wanawake. Anachohitaji ni watu wa Lancre waliozalishwa na Granny, mmoja mmoja, waanze kumwita kwa jina la pili badala ya la kwanza.

Kwa nini mwandishi alichagua wachawi watatu, mfalme aliyeuawa na mke mchochezi? Kwa sababu anaupindua mchezo wa Shakespeare ambao sisi tunao kwa Kiswahili tangu mwaka 1968, S. S. Mushi alipoutafsiri kwa jina la Makbeth. Jina la riwaya limetoka humo: wachawi wa Shakespeare huitwa kwa neno la kale la Kiingereza lenye maana ya majaliwa, na Pratchett ameliandika kwa tahajia yake ya zamani. Mtu aliyesoma Makbeth shuleni atawatambua wote. Wachawi nyikani kwenye mvua, wakiulizana watakutana lini tena. Ila katika riwaya mmoja anajibu kwamba yeye ana nafasi Jumanne ijayo. Jambia lipo. Mzimu wa mfalme upo. Mikono isiyotakata ipo pia: Felmet huiosha, kisha huisugua kwa brashi, kisha kwa msasa, mpaka msomaji anaacha kucheka.

Lakini kuutambua mzaha si kuuelewa. Inabidi kujua mchezo wa Shakespeare wenyewe uliandikwa chini ya nani.

Mwaka 1603 mfalme James wa Scotland alirithi pia ufalme wa Uingereza, na mwaka huohuo kikundi cha Shakespeare kikawekwa chini ya ulinzi wake na kuitwa waigizaji wa mfalme. James hakuwa mtu wa kupuuza uchawi. Alipomwoa Anne wa Denmark, dhoruba ilivuruga safari za bibi harusi, mpaka akaenda mwenyewe kumchukua na kurudi naye mwaka 1590. Nahodha yeyote wa hapa angemwambia kwamba bahari ile ya kaskazini ina misimu yake, na asafiriye wakati mbaya asimlaumu mtu. Washauri wake walimwambia ni wanawake. Kesi zikafunguliwa kule North Berwick, na mmoja wa walioteswa na kuuawa, mwaka 1591, alikuwa Agnes Sampson, mganga na mkunga mzee ambaye James alimhoji yeye mwenyewe. Mwaka 1597 mfalme huyo akachapisha kitabu chake kuhusu mashetani na wachawi. Mwaka 1604, akiwa sasa London, bunge likapitisha sheria kali zaidi ya uchawi. Na yapata mwaka 1606 waigizaji wake wakatoa mchezo wenye wachawi watatu wanaomharibu mtu.

Kuna zaidi. Makbeth wa kweli alitawala Scotland tangu mwaka 1040 hadi 1057, miaka 17, muda ambao mfalme mbaya hakudumu zama zile. Mtangulizi wake Duncan hakuchomwa jambia kitandani akiwa mgeni. Alikufa vitani dhidi ya Makbeth. Na yule Banquo anayeonyeshwa mchezoni kama mtu safi aliyeahidiwa kizazi cha wafalme alihesabiwa wakati huo kuwa babu wa ukoo wa James. Tazama basi kilichofanyika: mfalme aliye madarakani, mwenye chuki na wachawi, ana kikundi chake cha maigizo, kikundi kinatoa mchezo unaompaka tope mfalme wa zamani, unawatisha watu kwa habari za wachawi, na unamsafisha babu wa mwenye nchi.

Ndiyo mchezo wa Duke Felmet. Sidai kwamba Shakespeare alikaa chini akapokea maagizo; sina ushahidi, na kipaji chake kilipita haja za mlezi wake. Ila Pratchett ameona jambo ambalo mimi sikuliona nikiwa darasani nikikariri: kwamba tumekuwa tukiitazama historia ile kutoka viti vya mbele, upande wa mwenye kulipa. Riwaya inakwenda nyuma ya pazia na kuwauliza wale wanawake watatu wanaonaje habari zao zinavyosimuliwa. Wanaona vibaya. Granny Weatherwax anakaa ukumbini akitazama vijana waliovaa pua za bandia wakichochea chungu chenye vitu vya kutapisha, na anageuka kuona majirani zake wanatetemeka. Watu wanaomjua! Anagundua kwamba jukwaa lina uchawi ambao yeye hauwezi, kwani linaingia kichwani mwa mtu na kumpangua kumbukumbu akiwa amekaa, ametulia, amelipa kiingilio.

Shangazi hakushangaa. Kwetu Lamu maneno yamekuwa yakipigana kabla ya watu. Vita vya Shela, yapata mwaka 1812, vilipiganwa kwa bunduki na mikuki pale ufukweni, majeshi ya Pate, kisiwa jirani, na ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, yakashindwa; lakini vilipiganwa vilevile kwa mashairi, Bwana Zahidi Mngumi akiwa upande wa Lamu na Muyaka akiwa upande wa Mombasa. Miaka ya 1974 na 1975, uchaguzi wa ubunge ulipochacha hapa, tungo za Kimondo zilizunguka mji kwa kanda za kaseti, na wapo wazee ambao mpaka leo watakughania beti za kumsuta mgombea ambaye sura yake wameshaisahau. Beti imebaki, mtu amefutika. Chale wa Felmet anamweleza bwana wake kitu kama hicho: yaliyopita hayabadiliki, lakini watu hawaishi ndani ya yaliyopita, wanaishi ndani ya yanayosemwa kuhusu yaliyopita, na hayo yanatungwa.

Hapa niseme neno kuhusu mbinu ya Granny mwenyewe, maana wengi huielewa vibaya. Yeye hapendi kutumia miujiza, ingawa anaiweza. Anachotumia zaidi ni kile riwaya inachokiita kwa neno la kubuni, ambalo kwa Kiswahili ningesema "elimu ya vichwa". Anavaa kofia yake nyeusi yenye ncha, anamtazama mtu, na mtu anatii. Kofia haina kitu ndani. Kazi yote inafanywa na kichwa cha yule anayeitazama. Sisi tuna joho na kilemba kwa kazi hiyo. Mvike kijana wa kawaida siku ya harusi yake, mpe na upanga, mwangalie anavyotembea na mwangalie watu wanavyompisha. Tofauti ya Granny na Duke ni kwamba Granny anajua kofia ni kofia. Felmet amevaa kilemba cha ukoka, amesifiwa na kujisifu mpaka akakisadiki, na kila majani yakinyauka anatafuta wa kumlaumu.

Niliposimulia habari ya Duke kuwasingizia wale wanawake, shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo si ya kucheka." Alikuwa na sababu. Ukishuka pwani hadi kaunti ya Kilifi, kwenye Malindi, utasikia habari za wazee wanaouawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ukichimba chini ya shutuma unakuta shamba linalogombaniwa. Wapo waliofikia kupaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Mzee anapaka nywele rangi jinsi mwigizaji anavyopaka uso: anavua sura moja ya mchezo aliotungiwa na wengine, anavaa nyingine apate kuishi. Sheria yetu ya Uchawi, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925, na pamoja na kumwadhibu anayejidai kuwa na uchawi, inamfanya mkosaji pia anayemwita mwenzake mchawi bila kupeleka habari hizo kwa wakuu wanaohusika. Kwa sheria hiyo, Duke Felmet na kikundi chake kizima wangekuwa na kesi ya kujibu.

Na Malindi hiyohiyo ina sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyu aliwakusanya Wagiriama wakatae kodi na kazi za Waingereza, na aliwakusanya kwa ngoma: alicheza kifudu, ngoma ya matanga, kijiji hata kijiji, watu wakamfuata. Waingereza hawakuandika kwamba amewashinda kwa hoja. Walimwita mchawi. Wakamkamata Oktoba mwaka huohuo na kumpeleka uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 walilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Ukimsoma Pratchett baada ya kuisoma habari hii, mchezo wa Duke unaacha kuwa kichekesho cha Kizungu. Serikali inapigana na mwanamke mwenye ngoma, na silaha ya kwanza inayoitoa ghalani ni jina.

Tumefika kwenye taji, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ni sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Wachawi wakitafuta mahali pa kulificha taji la Lancre, wanafungua sanduku la waigizaji. Ndani kuna mataji mengi: ya karatasi ngumu, ya bati, yenye vito vya kioo vinavyowaka kwa taa. Wanaliweka la kweli katikati yao. Na likiwa humo, la kweli ndilo linaloonekana bandia. Ni jembamba, halimeti, halina makeke. Mataji ya bandia yametengenezwa na mtu aliyekaa akawaza "taji linatakiwa lionekaneje?", wakati la kweli limetengenezwa na sonara aliyeambiwa tu afanye taji. Ni kiti cha makumbusho na kiti cha kukodi.

Shangazi alikumbuka siwa papo hapo. Kwa wasioijua, siwa ni baragumu kubwa linalopulizwa kwa tundu la ubavuni. Ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu na imezidi urefu wa mita 2. Zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho yetu. Zamani siwa haikupigwa ovyo. Ilipigwa kwa jando, harusi na misiba ya wenye daraja, na aliyeishika ndiye aliyeamua nani ana daraja. Habari za Pate zinamsimulia Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme, aliyetaka kumfanyia mwanawe jando la heshima. Mfalme akamnyima siwa. Mwana Darini hakulia wala hakupigana. Alimwita fundi hodari, akachongesha siwa yake mwenyewe kwa pembe za ndovu, na jando likafanyika kwa kishindo.

Hebu fikiria lililotokea siku ile. Mfalme alidhani siwa ni mali: nikikunyima, huna. Mwana Darini alijua siwa ni mchezo: ikichongwa vizuri na kupulizwa mbele ya watu wa kutosha, imekuwa. Kwa masikio ya umma uliokuwa chini, kulikuwa na tofauti gani? Granny Weatherwax angemkaribisha mama huyu chai bila kumuuliza jina.

Riwaya inalichezea hilo hata kwenye jambia. Usiku wa onyesho, ndani ya ngome ya Lancre, Duke na mkewe wamekaa mbele. Wachawi wanaugeuza mchezo: waigizaji wanasahau maneno waliyoandikiwa na kuanza kusema yaliyotokea kweli usiku wa mauaji. (Mauti mwenyewe anapanda jukwaani, ana sehemu ya kuigiza, na anashikwa na woga akasahau la kusema. Nilicheka peke yangu usiku mzima.) Felmet anachanganyikiwa, ananyakua jambia, anachoma watu huku na huku. Hafi mtu, kwa kuwa ni jambia la maigizo, ubapa wake huzama ndani ya kipini. Anajichoma mwenyewe. Halikuingia hata nywele moja, lakini yeye anasadiki amekufa, anaanza kutembea kama mzimu, na akiwa mzimu hana haja ya kuangalia anapokanyaga. Anateleza kutoka juu ya ngome na kuanguka bondeni. Mtu aliyeajiri jukwaa limbadilishie ukweli ameuawa na kifaa cha jukwaani kisichoua. Mwandishi mvivu angempa upanga wa mrithi halali.

Swali jingine la shangazi lilikuwa la kisiasa. "Huyo mfalme aliyeuawa alikuwa mwema?" Hakuwa. Alikuwa jitu la kuwinda, kula na kupiga kelele, na wanawake wa Lancre walikuwa na habari zake. Kwa nini basi nchi imkubali yeye na imkatae Felmet? Jibu la riwaya ni la ajabu kidogo, na sina hakika nalikubali: nchi ni kama mbwa. Mbwa haulizi bwana wake ni mwema au mwovu. Anauliza kama bwana anampenda. Verence wa zamani aliipenda Lancre kwa namna yake ya kipumbavu. Felmet anaichukia, anachukia misitu yake, mawe yake, mvua yake, na anaanza kukata miti ili tu iache kumtazama. Wanyama wanakuja mlangoni kwa Granny kushtaki. Wachawi wana mwiko wa kutoingilia mambo ya utawala, lakini hapo wanaubatilisha, wanaizungushia nchi nzima uchawi na kuisogeza mbele miaka 15 kwa usiku mmoja, ili mtoto awe mtu mzima.

Shangazi hakulipenda jibu la mbwa. Lamu haikuwa na sultani kama Pate. Wazee wa mji walikaa Yumbe, jumba la baraza, na pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana utawala. "Mji si mbwa," alisema. "Mji una watu, na watu wana wazee." Ni pingamizi la haki. Riwaya ina wananchi wengi wa kuchekesha na hakuna baraza hata moja. Ikitafuta wa kumwondoa dhalimu inawatazama wachawi watatu na mrithi, kana kwamba wengine wote ni watazamaji waliolipa. Kwangu hapo ndipo mahali dhaifu pa kitabu. Labda mwandishi alikuwa akiuigiza mchezo wa Shakespeare kwa uaminifu kiasi cha kurithi na kasoro yake.

Ila mwisho wake unalipa deni. Tomjon anaonyeshwa taji la babake na analikataa. Yeye ni mwigizaji. Anaweza kuwa wafalme watatu kwa wiki moja na kulala vizuri. Watu wanahitaji mfalme, na wachawi wanamtoa yule chale, mnyonge, mpole, anayempenda Magrat, wakieleza kwamba yeye na Tomjon ni ndugu wa baba mmoja. Kwa kuwa wanafanana, umma unaelewa wenyewe: chale ni mtoto wa nje wa mfalme. Anatawazwa, anaitwa Verence wa pili.

Ndugu ni ndugu kweli. Lakini mfalme alikuwa mtu wa kutoka sana, malkia alikuwa mpweke, na jumba lile lilikuwa na chale mwingine kabla ya huyu, babake huyu. Wale vijana wawili ni watoto wa chale. Hakuna tone la damu ya kifalme kwa huyo wala kwa huyo. Wachawi waliowalazimisha waigizaji kusema kweli mbele ya ngome nzima wanalijua hilo, na wanalinyamazia.

"Na mfalme mpya hajui?" aliuliza shangazi.

"Hajui."

"Wala watu wa nchi?"

"Wala wao."

Akataka kusema jambo, lakini kichochoroni wakatokea vijana wawili wamebeba kiti cha dhahabu juu ya vichwa, wanakipeleka nyumba ya harusi, wanakipindapinda kisikwaruze kuta. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika na kufungwa kwa utepe wa gundi. Shangazi aliutazama ule mguu, akainuka kuvaa buibui lake, maana harusi yenyewe alikuwa akiisimamia yeye.

"Huo mguu," aliwaambia, "uwekeni upande wa ukutani."